Umelipia magunia 100 kati ya 400 yaliyomo ghalani. Mwenye ghala akifilisika, yako ni yapi?

Mzani_Wa_Haki (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Msimu wa mahindi umefunguka na pesa za watu zimeanza kuingia kwenye maghala ya watu wengine. Nashughulika na mikataba ya mazao huku Nyanda za Juu Kusini, na swali hilo hapo juu ndilo linaloletwa kwangu kuliko jingine lolote. Bahati mbaya linaletwa wakati benki imeshafunga mlango. Naomba tulijadili mapema.

Kuna mali ambayo sehemu moja inashika nafasi ya nyingine na hakuna anayelalamika. Umenikopesha debe la mahindi mwezi wa pili; mwezi wa saba nakurudishia debe lingine la ubora uleule na deni limekwisha. Huwezi kudai punje zilezile, tulishazisaga tukala. Mchele, sukari, petroli, saruji, dhahabu iliyosafishwa, noti za benki, vyote viko upande huo. Upande wa pili kuna kiwanja, gari lililotumika, maksai wa kulimia. Ukiniazima maksai wako nikakurudishia wa jirani, hatutaelewana. Humu nitaziita za kwanza mali za mfano mmoja, na za pili mali mahususi.

Warumi walisema mali ya mfano mmoja ni ile inayojulikana kwa uzito, idadi au kipimo, wakaitungia mkataba wake wa mkopo, mutuum, mbali na commodatum ambao ni wa kuazima. Tofauti inaonekana balaa likitokea. Maksai wa kuazima akipigwa na radi, hasara ni ya mwenye maksai. Mahindi niliyokopa yakiungua, nimeunguliwa mimi na debe lako bado nadaiwa, kwa sababu tangu siku niliyoyapokea yalikuwa mali yangu.

Sasa tuingie ghalani. Kuna magunia 400, yote ya mfanyabiashara mmoja. Umenunua 100, umelipa yote, risiti unayo, ila hukuyatenga kwa kuwa lori lako linakuja wiki ijayo. Katikati hapo mwenye mali anafilisika. Wengi wanajibu haraka kwamba robo ya ghala ni yako. Sheria tuliyorithi haijibu hivyo. Sheria zetu za kuuziana bidhaa, Sura ya 214 ya Tanzania na Sura ya 31 ya Kenya, zote zimetokana na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Uingereza ya 1893, ambayo kifungu chake cha 16 kilisema kwamba bidhaa zikiwa hazijabainishwa, umiliki haumfikii mnunuzi mpaka zibainishwe. Kanuni hiyo imo kwenye sheria zetu pia. Magunia yako 100 ni yapi kati ya yale 400? Hakuna anayeweza kuyanyooshea kidole. Basi ulichonacho ni dai la pesa, na utapanga foleni na wadai wengine, nyuma ya benki yenye dhamana.

Kesi inayosomwa sana ni ya Wait, Uingereza, 1927. Wait alinunua tani 1,000 za ngano iliyokuwa inaletwa na meli ya Challenger kutoka Marekani, akawauzia wengine tani 500 kati ya hizo. Wakamlipa. Akafilisika kabla hazijatengwa. Mahakama ya Rufani kwa wingi wa majaji ikasema wale wanunuzi hawana umiliki wowote kwenye ngano ile. Pesa walitoa, meli ilifika, ngano ilikuwemo.

Naomba kuwasilisha kwa sasa. Nitarudi kujibu.

Kapera_Mbozi

Mkuu asante, lakini umenitia hofu. Mimi sinunui, natunza. Nina magunia yangu 60 nimeyaweka kwenye ghala la jamaa mmoja, na wenzangu wameweka ya kwao. Yamemwagwa pamoja. Na mimi nimekuwa mdai tu?

Mzani_Wa_Haki

Hapana kaka, wewe uko mahali pazuri zaidi, na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili.

Mahindi yalikuwa yako kabla hayajaingia. Umeyakabidhi yatunzwe, hukuyauza. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, mizizi yake ni sheria ya India ya 1872, na kanuni yake kuhusu amana ni nyepesi kueleweka: mali zikichanganywa kwa ridhaa ya mwenye mali, kila mmoja ana haki kwenye mchanganyiko kwa kadiri ya fungu lake. Mkiwa watatu wenye 60, 90 na 150, ghala lote ni lenu, na wewe una moja ya tano. Panya wakila, mnapungukiwa wote kwa uwiano huo. Msimamizi akifilisika, wadai wake hawana cha kugusa humo.

Ila soma mkataba wako kwa makini sana. Kama unamruhusu msimamizi auze mahindi anavyotaka, kisha siku ukiyadai akupe mengine au akulipe bei ya siku hiyo, basi hiyo si amana tena. Baraza la Uingereza lililokuwa likisikiliza rufaa za makoloni lilikutana na jambo hili 1869, kwenye kesi ya Randell kutoka Australia Kusini. Wakulima walikuwa wanapeleka nafaka kwa wasagaji, inaingia kwenye akiba ya kinu, na mkulima ana haki ya kudai kiasi kilekile au bei yake. Ikaamuliwa kwamba waliuza. Nafaka ilishakuwa ya wenye kinu.

Benki nayo ndivyo ilivyo. Tangu kesi ya Foley dhidi ya Hill, 1848, pesa uliyoweka benki ni ya benki, na benki ni mdeni wako. Watu wengi wazima hawalijui hilo.

Mama_Wawili_Makambako

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo.

Mimi nataka kusema kitu kuhusu hili neno "gunia". Mleta uzi umeandika magunia 100 kama vile gunia ni kipimo. Huku kwetu kwenye viazi gunia ni lumbesa. Linashonewa kichwa juu, kamba inapitishwa, wanunuzi wa mjini wanakuja na vifungashio vyao na bei ni ya "gunia". Mkulima mmoja anatoa kilo 100, mwingine kwa bei ileile anatoa kilo 130 na zaidi. Hivi hapo mali ya mfano mmoja iko wapi?

Mzani_Wa_Haki

Marahaba, dada yangu umepiga penyewe.

Lumbesa inaua hadhi hiyo kabisa. Mali inakuwa ya mfano mmoja pale tu kipimo kinapokuwa kimoja. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo wanapigana na lumbesa, na ndiyo maana mkataba ninaouandika mimi hautaji gunia bila kilo. Gunia ni kifungashio. Anayekulazimisha kuuza kwa gunia huku akikataa mzani amejipa kipimo chake na wewe amekunyima, na hasara yote ya tofauti hiyo inatoka shambani kwako. Kwa kweli hili linaniudhi, kwa sababu mzani upo na sheria ipo.

Ukutani_Unguja

Assalaam aleykum.

Wakuu, jambo hili kwa upande wa fiqhi lina mlango wake mpana. Wanazuoni wamegawa mali kuwa mithli na qimi. Mithli inalipwa kwa mfano wake: ukiteketeza pishi ya mchele wa mtu, unadaiwa pishi ya mchele kama ule. Qimi inalipwa kwa thamani yake: ukimuulia mtu ngamia, unalipa thamani ya ngamia. Mkopo wa qardhi umejengwa juu ya mithli.

Na mlango wa riba nao umesimama hapo. Hadithi imetaja vitu sita: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Kitu kwa jinsi yake, sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Tena Bilal (R.A.) alimletea Mtume (S.A.W.) tende nzuri za barni, akaulizwa amezipata wapi. Akasema alikuwa na tende duni, akatoa pishi mbili za duni kwa pishi moja ya barni. Mtume akamkataza, akamwambia hiyo ndiyo riba. Akitaka, auze zile duni kwanza, kisha kwa thamani yake anunue nzuri.

Naona faida kubwa hapo. Tofauti ya ubora haikuachwa ikadiriwe na watu wawili faraghani. Inapita sokoni, kwenye bei, ambako kila mtu anaiona.

Mzani_Wa_Haki

Waaleykum salaam, ahsante sana Shehe. Mgawanyo huo ni wa kina, na kwa bahati unafanana na ule wa Warumi ingawa kila mmoja ana misingi yake.

Kijana_wa_Hoja

Mimi napingana kidogo. Naona mnakuza jambo. Kitu ama kinafanana na mwenzake ama hakifanani, ni suala la maumbile. Mahindi ni mahindi, almasi ni almasi. Sheria inakuta mambo yalivyo.

Mzani_Wa_Haki

Mkuu, nakushukuru kwa kupinga, kwa sababu hapa ndipo penye moyo wa mada. Mimi naamini kinyume: mali haizaliwi ikiwa ya mfano mmoja, inafanywa iwe hivyo. Inafanywa na daraja la ubora, mzani na karatasi, na watu wanaosimamia hivyo vitatu. Wakilegea, inaacha kuwa.

Angalia Chicago. Katikati ya karne ya 19 ngano ilikuwa inaingia mjini ikiwa kwenye magunia, kila gunia na jina la mwenyewe, na mnunuzi anakagua mzigo wa mkulima fulani. Ilikuwa mali mahususi. Kisha reli na maghala makubwa ya minara yakaleta haja ya kuimwaga yote pamoja. Huwezi kumwaga bila kukubaliana kwanza nini kinafanana na nini. Bodi ya Biashara ya Chicago, iliyoanzishwa 1848, ikaanza 1856 kugawa ngano katika madaraja. Kuanzia hapo mkulima hakumiliki ngano yake. Alimiliki stakabadhi ya kiasi fulani cha daraja fulani. Stakabadhi zikauzwa mkono kwa mkono, na ahadi za ngano ambayo haijavunwa nazo zikauzwa. Ngano ya bondeni na ya mlimani zilikuwa zilezile za mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni makubaliano.

Na makubaliano yanachezewa. Wenye minara waligundua kwamba ukichanganya ngano safi na mbovu kwa hesabu nzuri, unafika kwenye mpaka wa chini kabisa wa daraja, unauza yote kwa bei ya daraja. Wakulima wakapiga kelele, jimbo la Illinois likaweka sheria ya maghala 1871, wenye maghala wakapinga, na 1877 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwenye kesi ya Munn kwamba serikali ina haki ya kudhibiti maghala hayo kwa kuwa yanagusa maslahi ya umma.

Sasa njoo nyumbani. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Unyevu unapimwa kwa kifaa cha mkononi, punje zilizooza unaziona bambo likitolewa kwenye gunia. Sumukuvu huioni kwa macho. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, na baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti, cheti cha kupima kikiwa mojawapo. Mahindi ya mwezi wa pili na ya mwezi wa nne hayakuwa na tofauti machoni. Lakini mpakani gunia lenye cheti na lisilo na cheti zilikuwa bidhaa mbili.

Mfano mwingine ni mafuta. Lita ya petroli ya kwenda nje na lita ya kuuzwa hapa nchini ni kitu kimoja hasa, mara nyingi zimetoka meli moja. Kodi ndiyo inayozitenganisha. Kwa hiyo serikali ikaamua kuweka vinasaba, yaani kemikali ya alama, kwenye mafuta ya ndani ili mkaguzi aweze kuyatambua. Vitu viwili vinavyofanana kabisa vimefanywa visifanane, kwa makusudi, na kwa sababu nzuri.

Almasi uliyoitaja inanisaidia zaidi. Kila jiwe lina uzito, rangi, ukataji na dosari zake. Wafanyabiashara wamejaribu kwa muda mrefu kuiuza kama dhahabu inavyouzwa na haijakubali.

Kijana_wa_Hoja

Nimekuelewa kwenye hilo la cheti. Kwa almasi nakubali.

Newala_Korosho

Wakuu, sisi wa korosho tunayaishi haya. Stakabadhi ghalani ilianza kwetu msimu wa 2007/08, baada ya sheria ya 2005. Unapeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wanapima uzito, wanaangalia ubora, daraja la kwanza au la pili, mzigo unakwenda ghala kuu, unachanganywa na wa wengine wa daraja lako, kisha mnada.

Faida naijua. Kabla ya hapo ilikuwa kangomba. Mtu anakuja mwezi wa njaa, anakupa pesa kidogo kwa korosho iliyoko juu ya mti, na anakuja kupima kwa bakuli lake mwenyewe. Bakuli lilikuwa linakua kila mwaka.

Lakini kuna uchungu mmoja. Mimi naanika siku zote zinazotakiwa, natoa uchafu, nachagua. Jirani anaanika nusu. Tukifika ghalani wote daraja la kwanza. Zikipasuliwa kupimwa kiini ndani, ni wastani wetu. Jasho langu linampandisha yeye.

Mzani_Wa_Haki

Mzee wangu, pole, na hilo ni la kweli. Kila daraja lina mtu wa juu anayepoteza na mtu wa chini anayebebwa. Dawa mbili zinajulikana: kugawa madaraja kuwa membamba zaidi, jambo linaloongeza gharama ya kupima na kutenganisha maghala, au kutoka kabisa kwenye rundo. Wakulima wa kahawa bora wanafanya hili la pili: kahawa yao inauzwa kwa jina la kijiji au kinu chao, inaonjwa peke yake, na inapata bei yake. Wamegeuza mali ya mfano mmoja kuwa mahususi. Wanalipia kwa kutafuta mnunuzi wao wenyewe, na mwaka ambao hayupo wanarudi mnadani kama wengine.

Kwa korosho ningekushauri mkae kwenye AMCOS yenu na kudai mzigo wenye unyevu ukataliwe pale mlangoni. Uzembe wa mlangoni ndio unaowagawia umaskini wote kwa usawa.

Likoni_Ferry

Hamjambo ndugu zangu wa bara. Kutoka Mombasa.

Hapa Kenya tulipata funzo chungu na kampuni ya mafuta ya Triton. Mafuta yalikuwa kwenye matangi ya kampuni ya serikali ya bomba, yamechanganyika na ya kampuni zingine kama ilivyo kawaida. Mabenki yalikuwa yamekopesha kwa dhamana ya mafuta hayo, na hayakufaa kutolewa bila idhini yao. Mwanzoni mwa 2009 ikajulikana yameshatolewa na kuuzwa. Hasara iliyotajwa ni shilingi bilioni 7.6. Kwa makaratasi mafuta yalikuwepo. Kwa tangi hayakuwepo.

Mzani_Wa_Haki

Asante ndugu wa Mombasa. Hiyo ndiyo hatari ya rundo: ukichukua cha mtu, tangi halionyeshi umechukua cha nani. Daftari ndilo linalolinda, na daftari liko mkononi mwa mtu.

New Zealand nako, kampuni ya Goldcorp iliuzia watu dhahabu na kuwaambia iko salama ghalani, wakapewa vyeti. Ikaanguka 1988. Dhahabu iliyokuwepo haikutosha na haikuwa imetengwa kwa yeyote. Kesi ikafika London, 1994, na wengi wa wateja wakashindwa na benki. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likabadilisha sheria: mnunuzi aliyelipia kiasi maalumu kutoka rundo linalojulikana anakuwa mmiliki mwenza kwa kadiri ya alicholipa. Wanunuzi wa Wait wangeokoka. Lakini sheria hiyo ni ya Uingereza, haitufungi sisi, na mimi natamani mabunge yetu yaiangalie.

Kapera_Mbozi

Mkuu nina swali la mwisho. Mtu akikataa kuniuzia mahindi tuliyokubaliana, naweza kumlazimisha anipe?

Mzani_Wa_Haki

Kwa kawaida hapana. Mahakama itakuambia nenda sokoni ununue mengine, kisha mdai tofauti ya bei. Ulikubaliana shilingi 700 kwa kilo, sokoni ni 850, unadai 150 kwa kila kilo. Amri ya kukabidhi inatolewa zaidi kwa mali mahususi, kama kiwanja.

Soko likifunga, hesabu inabadilika. Uingereza, wakati wa shida ya mafuta ya 1973 na 1974, kampuni ya Sky Petroleum ilikatiwa petroli na msambazaji wake. Petroli ni mali ya mfano mmoja bila shaka, lakini hapakuwa na pengine pa kuinunua. Jaji akamzuia msambazaji kusitisha. Mahindi ya mwaka wa njaa yanaweza kujengewa hoja hiyohiyo.

Mama_Wawili_Makambako

Sasa sisi tunaonunua na kuacha ghalani tufanye nini? Nikisema kwa mdomo "yangu ni yale ya upande wa kushoto" inatosha?

Mzani_Wa_Haki

Dada, kwa mdomo ni bora kuliko kimya, lakini usiishie hapo. Kuna mfanyabiashara wa Ireland aliyesafirisha makasha 190 ya samaki, 20 kati yake yakiwa ya mnunuzi mmoja wa London, na maelekezo yalikuwa yatengwe njiani. Treni ikachelewa, samaki wakaharibika kabla ya kutengwa. Mahakama 1917 ikasema makasha 20 yalikuwa bado ya muuzaji, hasara ni yake. Pale kanuni ilimwokoa mnunuzi. Kwako ingekuumiza, kwa sababu wewe umeshalipa.

Fanya hivi. Siku ya kulipa, pima kilo kwa mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo. Hamishia magunia yako kwenye chaga zake, yashonee lebo au yapige rangi yenye alama yako, piga picha. Kwenye mkataba andika kwamba mahindi yenye alama hiyo, kilo kadhaa, yaliyoko ghala fulani, umiliki umehamia kwako leo na muuzaji anayatunza kama amana. Uliza pia kwa maandishi kama kuna benki yenye dhamana juu ya mzigo. Kama ipo, barua yao ya kuridhia iwe mkononi kabla pesa haijatoka. Ukishindwa kutenga, basi lipa sehemu, iliyobaki ulipe lori likipakia.

Na kama ghala limesajiliwa kwenye mfumo wa stakabadhi, dai stakabadhi iandikwe jina lako. Risiti ya dukani haifanyi kazi hiyo.

Mama_Wawili_Makambako

Nimenakili yote. Kesho nakwenda na rangi.